Wawili wa Mvi Usiwaweke Pamoja

Mwamini mwanangu,

Mambo ya sabuni, ya kandambili na ya kufunika chakula mama yako amekwisha kukuambia, tena kwa sauti ambayo hata majirani sasa wanayajua. Mimi sina la kuongeza hapo. Nakuandikia kwa ajili ya kitunga kilicho karibu na mlango, na kobayi wawili, simbilisi wetu hawa, walio ndani yake. Leo mchana uliniambia, "Baba, hawa wawili mimi sipeleke." Nikakujibu, "Peleka tu, shangazi yako ameomba," kisha nikajifanya natafuta kofia yangu. Kofia ilikuwa kichwani. Uliiona, na hukucheka.

Zamani ungecheka. Tangu siku ile ya uani kwa Bosi wangu wa depo hucheki nami tena. Unanijibu ndiyo baba, hapana baba, kama mtu anayejibu askari wa bariere barabarani akitaka apite salama. Kesho unakwenda Kasongo kusoma, utakaa kwa dada yangu Ester, na mimi sijui ni lini nitakuona. Nikinyamaza na leo, utaondoka na ukimya wangu mgongoni pamoja na begi lako.

Watu wa hapa Kabambare wananiita mtu mpole. Karani wa depo ya mpunga, hagombani, hapazi sauti, anapima magunia na kuandika. Wewe umekwisha kujua kwamba si upole, ni woga. Nilikuwa mdogo kuliko wewe miaka ile ya vita tuliyokuwa tukikimbilia porini, na mama yangu alikuwa akitufunika midomo kwa kiganja hata wakati hakuna aliyelia. Porini tulitoka. Kile kiganja hakikutoka. Nilikupata nikiwa bado mwanafunzi, na siku nilipopelekwa kwa wazazi wa mama yako, mjomba wangu ndiye aliyesema yote. Mimi nilikohoa tu. Sikuambii haya ili unionee huruma. Huruma yako ningependa kuipata kwa njia nyingine, lakini njia hiyo niliifunga mwenyewe.

Kobayi wa kwanza ulipewa na Mama Feza, shangazi yake Bosi, yule mjane aliyetoka Wamaza akaja kukaa katika kijumba nyuma ya nyumba ya mpwa wake. Wewe ulimchotea maji bila kutumwa. Siku moja akakuletea majike wawili ndani ya kitenge, wadogo, wasio na mkia, wanaopiga filimbi kila wakisikia nyasi zinakatwa. Mimi nikasema, "Sasa tumepata mboga." Ukalia mpaka pua ikavimba. Habari ikamfikia Mama Feza, akanijia hapa mlangoni na mundu wake wa nyasi mkononi.

"Baba Mwamini, hii haiko mboga. Hii iko ya mutoto. Ukitaka mboga, nenda twanga sombe ya muhogo."

Mama yako alicheka wiki nzima. Wanyama wakabaki, mmoja ukamwita Kahawa na mwingine Pilipili, na kila jioni ulikwenda na Mama Feza kando ya barabara kukata nyasi, wewe fungu lako, yeye la mbuzi wake.

Kahawa nilimuua mimi. Mama yako husema alikufa kwa uzazi, ni kweli, lakini aliyeamua lini azae ni mimi. Nilimfikiria kama msichana. Nilisema dume wa jirani asimkaribie mpaka akomae kabisa, awe na nguvu, asije akapata shida kama aliyoipata mama yako alipokuzaa wewe. Nilifikiri hiyo ndiyo huruma. Ulikaa naye siku nzima akisukuma, umemwekea mkono tumboni, na mtoto hakupita. Baadaye nilimuuliza mtu niliyesoma naye mambo ya mifugo, akanitazama kama mjinga: mfupa wa nyonga wa jike wa kobayi hufunga mapema, na aliyekawia kupata mimba ya kwanza hafunguki tena. Azae angali kijana na mwenye mwili, ama asizae maisha yake yote. Na akikaribia kuzaa, dume aondolewe, la sivyo atampa mimba nyingine siku ileile, kabla hajalamba watoto wake. Yote hayo yalikuwa kwenye masomo yangu. Niliyafanyia mtihani, nikashinda, nikayaacha palepale.

Kisha nikakuletea Muzee, ili nikufute machozi ya Kahawa. Nilimpata kwa dereva wa pikipiki aliyekuja na mzigo kutoka Kasongo. Unakumbuka tulivyomfungua? Manyoya meusi na meupe yamechanganyika unywele kwa unywele mwili mzima, kichwa peke yake kimebaki cheusi, kama mzee aliyevaa kofia. Ukasema, "Baba, iko na mvi!" Akapata jina siku hiyo. Alipokutana na Pilipili, ambaye ni wa kahawia mtupu na mdogo kuliko Kahawa kwa miezi kadhaa, wakazaliwa watoto wazuri, wengine wa kahawia, wengine wa mvi kama baba yao, wote wazima, wote na macho kama mbegu za papai. Majirani wakaanza kuja kuwatazama. Na mimi, ambaye hakuna mtu aliyewahi kuja kunitazama kwa lolote, nikafurahi kupita kiasi. Nikataka wa mvi wengi zaidi. Binti yake wa mvi alipokua, nikamrudisha kwa Muzee.

Unajua tulichokikuta kwenye nyasi. Wawili wa mvi, mmoja wa kahawia, na mmoja mweupe kama pamba. Ulimwinua wa kwanza huyo mweupe, ukafikiri amelala. Kope zimeshikana kama zimeshonwa, na chini ya kope hakuna kitu. Meno yamepinda, hakuweza kunyonya. Ulijaribu kumpa maji ya mchele kwa ncha ya jani, yakatoka puani. Mama Feza alikuwapo. Alimgusa kidogo, akasema, "Hao wawili wa mvi, mutoto, usiwaweke tena nyumba moja. Kule kwetu nilishaona. Wanazaa vipofu." Alipokufa tulimzika nyuma ya jiko, sisi watatu.

Na jioni ile, kwa mara moja katika maisha yangu, nilikuwa baba aliyesoma. Nilichora mraba mavumbini nikaweka punje za mahindi, nyekundu na nyeupe. Nikakuonyesha kwamba kitu kinacholeta mvi kiko ndani ya damu. Mtoto akikipata kwa mzazi mmoja, kinapaka manyoya tu, naye anaishi vizuri. Akikipata kwa baba na kwa mama, kinakula macho na meno. Ukazisogeza punje mwenyewe, kisha ukasema, "Basi kila wa mvi apewe wa kahawia." Nikasema ndiyo. Ukauliza, "Na kama wa kahawia ana mvi za kujificha?" Hilo sikulitarajia. Nikakuambia ni kweli, kuna wenye unywele mweupe mmoja mmoja tumboni, au wana baka jeupe linalofunika zile mvi, nao huonekana safi na sio safi. Kwa hiyo watoto wa Muzee wasioane kamwe, hata walio wa kahawia. Nilikutazama nikawaza kwamba umenizidi. Ningekufa siku ile, ungenikumbuka vizuri.

Lakini nikaishi, na Bosi akaja nyumbani kuchukua ufunguo wa depo.

"Ee! Baba Mwamini! Hii nyama iko na mvi kuliko mimi!" Alichuchumaa na suti yake mbele ya dume kijana, mwana wa Muzee. "Na bibi yake iko wapi?"

"Bibi yake iko, Bosi."

"Na yeye ya mvi?"

"Ya mvi, Bosi."

"Basi nipatie wote wawili, kwa watoto yangu. Mwanaume haoe nusu."

Wewe ulinivuta shati kwa nyuma. Mara mbili ulilivuta. Ningeweza kusema, Bosi, chukua dume wa mvi na jike wa kahawia, ndivyo ilivyo salama. Ni maneno machache, hata hayana hasira ndani yake. Lakini aliomba wote wa mvi, na mimi mtu akiomba mimi hutoa, hasa akiwa na mamlaka ya kunitoa kazini. Nikakutuma ukawafunge kaka na dada, wote watoto wa mvi wa Muzee. Nikajidanganya kwamba labda watawala. Unasikia? Niliwaombea wanyama wako waliwe, ili nisihitaji kusema sentensi moja.

Hawakuwala. Watoto wa Bosi waliwapenda kama ulivyowapenda wewe, na Mama Feza ndiye aliyepewa kazi ya kuwakatia nyasi. Naye alipowaona akasema wazi, mbele ya mke wa Bosi, kabla jike hajaonyesha mimba, "Hawa muwatenge. Hawa watazaa vipofu." Yeye alikuwa na meno matatu na mbuzi mmoja, na alisema. Hakuna aliyemjali.

Siku walipozaliwa niliitwa kama mtoaji, nawe ukanifuata ingawa nilikukataza. Uani palikuwa pamejaa watu. Mke wa Bosi alikuwa ameshika ungo, na ndani ya ungo vitoto viwili vyeupe vinatingisha vichwa, vinatafuta mama.

"Alijua!" alikuwa akisema. "Alisema mbele yangu mimi, na tumbo haijaonekana. Mutu anajua mutoto ya nyama kabla haijazaliwa, huyo iko mutu ya namna gani? Nani alimuambia?"

"Macho ya hawa nilikula na meno gani?" Mama Feza akajibu. "Hata muhogo munanisagia."

Watu wawili watatu walicheka. Kicheko hakikumsaidia, mke wa Bosi aliona anachekwa yeye. Ndipo Bosi akanigeukia. Na nitasema haki yake, Bosi hakuwa na hasira. Alikuwa anatafuta mlango wa kutokea, kwa sababu yule ni dada ya baba yake.

"Baba Mwamini. Wewe ulisoma mambo ya nyama ya kufuga. Hii iko kitu ya kawaida?"

Mlango ulikuwa mimi. Ilitosha kusema, ndiyo, Bosi, ni damu, mimi pia nilijua, nyumbani kwangu alizaliwa mmoja. Kama wawili wanajua, kujua si uchawi tena. Ungo ungerudi jikoni. Lakini nikawaza: nikisema ni damu, damu hiyo imetoka kwangu, nikisema nilijua, kwa nini nilimpa? Wewe ukafungua mdomo, "Baba ali—" nami nikaufunika kwa kiganja. Nikasema, "Sijapata kuona, Bosi."

Nimeandika maneno hayo kama nilivyoyasema. Yanaonekana madogo.

Kitu kimoja huenda hukukiona, kwa kuwa nilikuwa nimekuziba na kukugeuzia kifuani kwangu. Mama Feza alinitazama. Alikuwa na jibu: alimzika yule wa kwanza pamoja nasi. Angesema tu, "Muulize kwake, na kwake alizaliwa," ningeumbuka mbele ya watu wote. Nikamwona anataka kusema. Kisha akashusha macho kwako wewe, mtoto aliyekata nyasi za nyumba zote mbili, mtoto aliyemshika kipofu wa kwanza kabla yake yeye. Akanyamaza. Nimeligeuza jambo hili kila upande, sipati maana nyingine. Angelisema, macho ya uani yangehama kwake yakaja juu yako. Alikunyamazia wewe. Mimi nilijinyamazia mwenyewe. Watu walisikia ukimya mmoja.

Kesho yake akarudishwa Wamaza. Walimpa kitenge chake na sufuria. Mundu walimnyima.

Hapo ndipo ningedhani adhabu yangu imekwisha, kumbe ilikuwa inaanza. Nani atakata nyasi? Watoto wa Bosi hawajui, mke wake haendi kando ya barabara. Wakaanza kuwalisha pumba za mpunga kutoka depo, pumba kavu peke yake. Gunia nilipima mimi. Uliniomba uwapelekee matembele, nikakukataza, nikasema usikanyage kule. Kobayi hawezi kukaa bila kijani, mwanangu. Kuna kitu ndani ya majani mabichi ambacho mbuzi hujitengenezea mwilini mwake na kobayi hawezi, kama sisi watu tusivyoweza. Asipokila kila siku, viungo vinavimba, ufizi unatoka damu, anaburuza miguu ya nyuma, anapiga kelele ukimgusa. Wale wakubwa wawili walikufa hivyo, wazima wa macho, wazima wa meno, katikati ya masika, nyasi zimefika kiunoni pande zote za nyumba.

Na mke wa Bosi akawaambia watu sokoni, "Munaona? Anatupiga toka kule Wamaza."

Nilikuwa nimesimama hapo na kilo ya chumvi mkononi. Mama yako pia alikuwapo. Tulipofika nyumbani akaweka kapu chini akaniuliza, "Wewe ulisoma ya nini?" Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua kweli. Bado namdai jibu, na kila akinipakulia naona anangoja.

Nikurudishe sasa kwenye kitunga. Shangazi yako Ester ni mtu mwema, usimwogope. Ana sauti kubwa kwa sababu nyumba tuliyokulia ilikuwa na watu wengi. Amesikia sifa za wanyama wetu, akaomba dume na jike, wote wa mvi, awazalishe awagawie rafiki zake wa kwaya. Mchana nilipokuambia upeleke, nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu zangu za woga: unakwenda kula kwake na kulala kwake miaka mingi, basi asiudhike siku ya kwanza. Lakini ulipoondoka mlangoni bila kucheka, niliona undani wa jambo lote. Nani atawakatia nyasi huko Kasongo? Wewe. Nani ni mgeni katika nyumba ile? Wewe. Na vipofu wakizaliwa, wakiulizana nani aliwaleta, nani anawashika asubuhi na jioni, watamtazama nani? Tena ukiwaonya mapema, kama unavyotaka kufanya, ndipo watasema: alijua. Mtoto aliyetoka Kabambare, alijua. Nilikuwa nakufunga wewe ndani ya kitunga, kwa kamba nzuri, na mfuniko.

Hapa nilisimamisha kalamu. Nimetoka, nimepanda mpaka pale juu penye mtandao, nimempigia Ester. Ukiona mwandiko umebadilika ndiyo sababu.

"Yaya," nikamwambia dada yangu huyo mkubwa, "wawili wa mvi hawaji."

"Hawaji namna gani? Nimeisha kuambia watu."

"Hawaji. Wakizaa pamoja wanazaa vipofu. Iko ndani ya damu yao. Haiko mutu anafanya."

"Nani anasema hivyo? Ni Mwamini?"

"Ni mimi. Mutoto hajasema kitu. Mimi nilisoma, mimi niliona hapa kwangu, mimi ninakataza."

"Wewe unakataza?" akasema. "Tangu lini?"

Nikamwambia tangu leo. Akacheka, kisha akaona sicheki, akasema, "Mudogo wangu, uko mugonjwa?" Nikamrudia tena, pole pole, jina langu mbele: mimi, baba yake Mwamini, ndimi ninayejua. Nikamwomba arudie maneno hayo kwa sauti, akayarudia huku akinung'unika kwamba namfanya mtoto wa katekisimu. Amekasirika kidogo. Atakuambia kwamba baba yako amekuwa na kiburi. Mwache aseme. Huhitaji tena kumwonya mtu, kwa kuwa onyo limekwisha kutolewa na lina mwenyewe. Siku yoyote mtu akikuuliza nani alijua, sema, baba, mpigieni simu.

Niliporudi nimewatoa wawili wale. Nimekuwekea jike mmoja mweusi na mmoja wa kahawia, watoto wa ndugu yake Pilipili anayefugwa kwa mwalimu, wasio na tone la damu ya Muzee. Nimewapekua kwa taa, tumboni, kwapani, nyuma ya masikio. Dume usitafute kwa haraka. Ukitaka, ukipata mahali pa kuwaweka watoto wote watakaozaliwa na mikono ya kuwakatia nyasi, basi tafuta mzima wangali vijana, kwa mtu unayeweza kumuuliza wazazi wake. Usipotaka, waache wawili wale waishi na wapige filimbi. Si lazima kila kilicho kizuri kizae. Muzee atabaki hapa na mwanawe yule dume. Hawagombani kama hakuna jike karibu. Yeye hana kosa lolote, ni mzima kabisa. Majani yake nitakata mimi.

Dereva wa pikipiki nimemwomba mpitie Wamaza. Amelalamika, amekubali. Chini ya kitunga, ndani ya kitambaa, kuna mundu. Sio ule wake, ule sikuweza kuuomba. Huu ni mpya. Mpe Mama Feza. Usimwambie umetoka kwangu, asije akashindwa kuupokea. Na kama atauliza habari zangu, mjibu kweli, vyovyote utakavyoona ndiyo kweli. Sikufundishi la kusema. Nimekufundisha hilo vya kutosha.

Unaweza kusema kwamba kumkatalia dada yangu kwa simu si kitu, na mimi ninakubali. Ester hawezi kunifukuza kazi. Bado kuna uani ule, na maneno yale mawili matatu niliyoyaacha pale. Juzi Bosi aliniambia, wale wangu walikufa, nipatie wengine wa mvi, nami nikasema ndiyo Bosi kabla hajamaliza. Jumatatu ataniuliza wako wapi. Mke wake huwa anakuja depo siku hiyo, na wapakizi wa magunia watakuwapo, watu wa kutosha kuchukua habari mpaka sokoni.

Sikuahidi chochote, ahadi zangu bei yake unaijua. Ila nitakupa njia ya kujua bila kuniuliza. Ukisikia huko Kasongo kwamba baba yako amefukuzwa depo, usilie wala usiruhusu mtu anipe pole: ujue kwamba nilisema. Usiposikia kitu, ujue vilevile kwamba nilinyamaza.

Baba yako